NLP au daftari la maswali? Ulinganisho kwa anayeuza na anayejijenga

Mzee mmoja wa Ruaha Mbuyuni, mkulima wa vitunguu, aliniambia neno ambalo kila muuzaji amelisikia: "Binti, pampu yenu ghali." Tulikuwa tumekaa kwenye benchi chini ya mwembe, naye amekunja mikono kifuani. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemaliza mafunzo ya siku mbili ya NLP, mbinu za kushawishi watu na kujibadili kwa maneno na mkao wa mwili, jijini Dar es Salaam, ada shilingi 350,000. Kichwani nilikuwa na mambo mawili niliyofundishwa kuyafanya mteja akijifunga hivyo. La kwanza, mwigize: kaa kama alivyokaa, pumua kama anavyopumua, mpaka akuone mtu wa kwao. La pili, muulize: ghali ukilinganisha na nini?

La kwanza sikuweza. Binti hakai mbele ya mtu wa rika la baba yake akiwa amekunja mikono kifuani. Nisingejenga ukaribu wowote, ningeonekana sikufundwa. La pili nililiuliza, kwa sauti ya chini na "mzee wangu" mwishoni. Akageuza shingo kutazama mashine ya petroli iliyokuwa ikinguruma kando ya kisima. "Na hiyo hapo," akasema. Tukaanza kupiga hesabu kwa kijiti, pale pale mchangani. Lita 5 kila anapomwagilia, mara 4 kwa wiki, lita moja shilingi 3,000: wiki moja 60,000. Msimu wa wiki 16 unakula 960,000, bado oili, bado fundi. Pampu ya sola niliyokuwa nikimuuzia ilikuwa 1,850,000. Akaitazama ile hesabu kwa muda, akasema, "Kumbe misimu miwili."

Tangu hapo wauzaji wenzangu hunijia na swali lile lile: mafunzo ya NLP yanafaa, au nitafute kitu kingine? Ninachoamini ni kwamba ndani ya mfuko mmoja unaoitwa NLP mna vitu vya uzito tofauti. Anayeusifia mfuko mzima anakosea, na anayeutupa wote anakosea pia. Kwa hiyo nitauweka kando kwa kando na njia nyingine zinazoshindania muda na fedha za mtu huyo huyo: kwanza kwa kuuza, kisha kwa kujijenga.

Zilikotoka njia mbili za kuuza

NLP ilizaliwa Santa Cruz, California, miaka ya 1970. Richard Bandler alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu pale, John Grinder alikuwa mwalimu wa isimu. Walichambua namna ya kusema ya matabibu watatu wa nafsi waliosifika wakati ule, Fritz Perls, Virginia Satir na Milton Erickson, wakitaka kujua hasa wanatamka nini hata anayetibiwa abadilike. Kitabu chao cha kwanza kilitoka 1975. Jina refu la NLP, neuro-linguistic programming, likifasiriwa, ni kama kuipanga upya fahamu kwa njia ya lugha. (Wataalamu wa kompyuta nao wana NLP yao, ya kuifanya mashine ielewe lugha. Hizo mbili hazina undugu.)

Njia ya pili, iitwayo SPIN, ilianza kwa kuhesabu. Neil Rackham, mwanasaikolojia Mwingereza, na wenzake waliandamana na wauzaji kazini kwa takriban miaka 12, wakirekodi nani kauliza nini na mauzo yakaishia wapi. Mazungumzo waliyoyachambua yalifika 35,000. Matokeo yalichapishwa 1988 kwa jina la SPIN, herufi nne zinazosimamia aina nne za maswali: ya hali ilivyo, ya tatizo, ya madhara ya tatizo hilo, na ya nafuu itakayopatikana likiondoka.

Tofauti ya asili hizi mbili haikupata hata dakika moja darasani, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Wa kwanza waliwachukua mabingwa watatu wakajaribu kupata siri yao. Wa pili walikusanya wauzaji wa kila aina, hodari na dhaifu, wakaangalia kinachowatenganisha. Ukimchunguza bingwa peke yake, huwezi kujua kama alichofanya ndicho kilichomsaidia, maana walioshindwa huenda nao walikifanya.

Macho na mwili

Mwalimu wangu alitumia asubuhi nzima kwenye macho. Mtu akitazama juu kushoto, anakumbuka picha aliyoiona. Akitazama juu kulia, anaitunga. Kuna "mtu wa kuona", "mtu wa kusikia" na "mtu wa kuhisi", nawe unatakiwa umgundue mteja wako ni yupi ili uongee kwa maneno ya aina yake: "unaona", "unasikia", "unahisi".

Sehemu hii imepimwa, tena mara nyingi. Christopher Sharpley alipitia tafiti kuhusu hizo aina za watu, akaandika 1984 na tena 1987, safari ya pili zikiwa zaidi ya 40. Nyingi hazikuliunga mkono dai. Mwaka 1988 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, iliyoombwa na jeshi kupima mbinu za kuongeza uwezo wa askari, haikupata ushahidi wa kisayansi kwamba NLP ni njia bora ya kushawishi watu. Mwaka 2012 Richard Wiseman na wenzake wakalijaribu dai la kwamba macho humtaja mwongo, dai lililotokana na fundisho hilo la macho. Walipowatazama watu wakisema kweli na wakisema uongo, macho hayakwenda kama ilivyodaiwa. Walipowafundisha watu kusoma macho kisha wakawapa mtihani, waliofundishwa hawakuwatambua waongo kuliko wasiofundishwa.

Mimi naongeza la kwetu. Huku macho yana adabu yake. Kijana aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa. Mama mkwe na mkwewe wa kiume, kwa desturi za baadhi ya makabila, huepuka kutazamana. Muuzaji aliyemezeshwa fundisho la macho atakutana na heshima, aidhanie kuwa uongo. Nimeona kijana wa timu yetu akimkatia tamaa mteja wa Mang'ola kwa sababu "anakwepa macho". Wiki iliyofuata yule mama akaja ofisini mwenyewe, hela zimefungwa kwenye khanga.

Na mwili je? Hapa si pa kukataa jumla jumla. Watu wanaoelewana huwa wanaigana bila kujijua, jambo hilo limethibitishwa nje ya NLP kabisa. Uholanzi, Rick van Baaren na wenzake walifanya jaribio mgahawani, likachapishwa 2003: mhudumu aliyerudia agizo la mteja neno kwa neno alipata bakshishi kubwa kuliko alipolipokea bila kulirudia. Angalia alichokiiga: maneno, wala si mkao. Mama lishe anayesema, "Wali maharage, mchicha pembeni, pilipili usiweke," anafanya hivyo kila mchana bila kusomea. Kurudia maneno ya mteja hakumvunjii mtu heshima popote ninapopajua. Kukunja nne kwa sababu mzee kakunja nne ni habari nyingine.

Halafu kuna kile wanachokiita kutia nanga: mteja akifurahi, umguse mkono, baadaye ukitaka furaha irudi uguse pale pale. Mwanamke anayeuza vijijini asimguse mteja mwanamume mkono. Sina la kuongeza hapo.

Maswali: hapa ndipo NLP na SPIN hukaribiana

Bandler na Grinder walitoa pia orodha ya maswali ya kufungua kauli zilizofumba. Mtu akisema "ghali", uliza kwa kulinganisha na nini. Akisema "wateja wote wanataka mkopo", uliza wote, hakuna hata mmoja aliyelipa taslimu? Akisema "haiwezekani", uliza kinachozuia ni nini. Hii, kwa mizani yangu, ndiyo dhahabu ya mfuko ule, na ndiyo iliyoniuzia pampu Ruaha Mbuyuni. Haihitaji imani yoyote kuhusu ubongo. Inahitaji sikio na uvumilivu wa kunyamaza baada ya kuuliza.

Upungufu wake ni kwamba haikupi ramani ya mazungumzo. Inakufundisha kuikamata kauli moja, haikuambii mauzo yaanzie wapi yaishie wapi. SPIN inayo ramani. Ukirudi kwa yule mzee, tazama tulivyotembea:

"Unamwagilia kwa mashine gani?" Hiyo ni hali. Maswali ya aina hii yawe machache, Rackham alionya, maana yanamnufaisha anayeuliza kuliko anayejibu.

"Inakusumbua wapi?" Tatizo. Akasema petroli huadimika, na kuifuata ni nusu siku kwa bodaboda.

"Siku ukiikosa, vitunguu vinakuwaje?" Madhara. Hili ndilo swali ambalo wauzaji hodari kwenye mauzo makubwa waliliuliza kuliko wenzao, na ndilo gumu kujifunza. Mzee alisema vikikosa maji wakati vinajaza, vinabaki vidogo, na mnunuzi anavishusha daraja. Aliposema hivyo hakuwa tena anazungumzia bei ya pampu.

"Maji yakiwepo kila siku, nafuu itakuwa ipi?" Akajibu mwenyewe. Kazi yangu ilibaki kusikiliza na kushika kijiti.

Ulinganisho huu una mpaka, na Rackham mwenyewe aliuchora. Aligundua kwamba mbinu za kumbana mteja anunue hapo hapo huongeza mauzo kidogo kwa vitu vya bei ndogo, lakini kwa vitu vya bei kubwa huyapunguza. Winga wa Kariakoo anayempokea mpita njia kwa "karibu mrembo, viatu hivi vimetoka leo" hana nafasi ya maswali manne. Ana sekunde kumi. Anachohitaji ni jicho, mdomo mwepesi na ujuzi wa kupatana bei, na huo anaupata barabarani kwa miezi mitatu kuliko ukumbini kwa siku mbili. Kama unauza viatu, sabuni au vifuniko vya simu, usilipie SPIN wala NLP. Kama unauza pampu, bima, kiwanja, mfumo wa hesabu kwa kampuni, kitu ambacho mteja ataenda kwanza kuongea na mke au mume au bodi, kajifunze maswali.

Kuna sehemu moja ya NLP ya mauzo ninayoikataa waziwazi: lugha ya kupumbaza iliyochotwa kwa Erickson, ya kuficha amri ndani ya sentensi ili mteja aipokee bila kujua. Kwanza, ushahidi wa kwamba inauza ni haba. Pili, na hili ndilo linaloniuma, mteja wangu ana majirani. Pampu ikiwekwa kwa mzee mmoja, mashamba sita yanaitazama. Akijiona alichezewa akili, hatarudi kwangu kugombana. Atakaa kimya, atawaambia wenzake jioni kilabuni, nami sitajua kwa nini bonde zima limekauka. Watu wengi huku wameshaliwa fedha na wasema-vizuri wa upatu na wa mavuno ya haraka. Muuzaji mwaminifu hana haja ya kufanana nao hata kwa sauti.

Kwa kujijenga: nanga dhidi ya "ikiwa hivi, nitafanya hivi"

Nusu ya waliokuwa darasani hawakuja kwa ajili ya kuuza. Dada mmoja alikuja kwa sababu anatetemeka akiitwa kuongea mbele ya kikao. Alifundishwa kutia nanga kwake mwenyewe: kumbuka siku uliyojiamini, ikifika kileleni bana kidole gumba na cha shahada, rudia mara nyingi, kisha kwenye kikao bana vidole. Alitoka anang'aa. Sina sababu ya kusema hakuhisi alichohisi. Lakini mapitio ya tafiti ya mwaka 2012 kwenye jarida la madaktari wa familia la Uingereza, yaliyotazama NLP katika afya, ukiwemo wasiwasi, yalipata ushahidi mdogo kwamba inaleta matokeo.

Kando yake weka kitu kisicho na mvuto wowote ukumbini. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, amefanyia kazi kwa miaka mingi mpango wa sentensi moja: "Ikitokea hivi, nitafanya hivi." Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 wakakuta wenye mpango wa namna hiyo hutimiza malengo yao kuliko wenye nia tupu, na tofauti si ndogo. Mimi ninazo sentensi tatu kwenye jalada la daftari langu. Mojawapo: "Mteja akisema nitakupigia, nitauliza, nikukumbushe siku gani?" Kabla ya hapo nilikuwa najibu "sawa" na kuondoka, miaka minne mfululizo.

Kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu inakuondolea uamuzi wakati ambao moyo unadunda. Uliamua jana, umetulia, una chai mkononi. Leo unasubiri tu ishara. Nanga nayo inataka kufanya kitu cha karibu na hicho, ila inafunga ishara kwenye hisia, na hisia hazitumwi kama tarishi. Mpango wa "ikiwa" unafunga ishara kwenye tendo, na tendo unaweza kulifanya hata ukiwa unatetemeka.

Kwa wenye biashara ndogo kuna jaribio moja ambalo ningetamani kila mwandaaji wa mafunzo alisome. Lilifanyika Lomé, Togo, likachapishwa 2017. Biashara 1,500 ziligawanywa mafungu matatu: moja halikufunzwa, moja likapewa mafunzo ya kawaida ya biashara, hesabu na masoko, moja likafunzwa kile ambacho vijana wetu wanakiita kujiongeza: kuanza kabla hujaambiwa, kutazama mbele, kutokata tamaa kikwazo kikitokea. Mwanasaikolojia Michael Frese, mmoja wa walioliongoza, alikuwa amekwisha kuyajaribu mafunzo ya aina hiyo Kampala. Faida ya waliofunzwa kujiongeza ilipanda kwa asilimia 30 kuliko ya wasiofunzwa. Ya waliopata mafunzo ya kawaida ilipanda 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikutofautiana na bahati. Kwa hiyo wanaosema "mafunzo ya fikra ni porojo, fundisha hesabu tu" nao wapunguze ukali. Fikra zinafundishika. Ila ya Lomé hayakuwa siku mbili za makofi: yalikuwa saa 36 darasani, kisha mkufunzi akawafuata biashara zao kila mwezi kwa miezi minne.

NLP haiondoki mikono mitupu kwenye kujijenga. Yale maswali yake ukijiuliza mwenyewe yana nguvu. "Siwezi kuongea mbele ya watu." Watu gani? Na shangazi zako unaongea vipi harusini? "Hawanithamini." Nani hasa, na alifanya nini? Nimemwona mdogo wangu akitoka kwenye "kazini wote wananichukia" mpaka "msimamizi mmoja hajajibu ombi langu la likizo", kwa dakika kumi, jikoni, tukimenya viazi. Wanaofanya tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra, ile iliyoasisiwa na Aaron Beck miaka ya 1960, wana maswali ya jamii hiyo hiyo, tena yaliyopimwa hospitalini. Kama kinachokusumbua ni huzuni isiyoondoka au woga unaokufungia ndani, hiyo ndiyo ya kuitafuta, kwa mtu aliyesomea, wala usimpe mwenye cheti cha wikiendi ajaribie juu yako.

Ada, cheti, na pa kupeleka hela

Neno NLP halina mwenyewe. Bandler na Grinder walifika mahakamani miaka ya 1990, na hakuna aliyeondoka na haki ya kulimiliki peke yake. Kwa mlipaji maana yake ni kwamba hakuna chombo kimoja kinachosema nani kafuzu. Cheti cha "mtaalamu" kinaweza kuwa cha siku 2 au cha miezi, na karatasi zinafanana. Usilipie daraja la pili kwa sababu tu umefurahia la kwanza. Wengi wetu tulishikwa pale, mlangoni, na ofa inayoisha saa 12 jioni ile ile.

Ningekuwa naanza upya na 350,000 zile zile, ningezigawa hivi. Kitabu cha Rackham, hata kilichotumika. Vocha za simu za mwezi mmoja, kila simu ya mteja ifuatiwe na mistari mitatu daftarini: niliuliza nini, akajibu nini, nilimkatiza wapi. Kwa woga wa kuongea, ningejiunga na klabu ya Toastmasters. Chama hicho kilianzishwa California 1924, klabu ziko Dar es Salaam na Nairobi, na unachopata pale ni kusimama tena na tena mbele ya watu watakaokuambia ulipokosea. Salio ningelipia nauli ya kumfuata muuzaji mkongwe wiki nzima na kukaa kimya nyuma yake.

Na kama bado moyo wako uko kwenye NLP, nenda, ila kabla ya kulipa mpigie mkufunzi umuulize mambo mawili. Katika hizo siku, ni saa ngapi nitakuwa ninaongea mimi, na ni saa ngapi nitakuwa ninakusikiliza wewe? Na baada ya mwezi mmoja, nani atakuja kunisikia nikiwa na mteja wangu? Kisha nyamaza, umwache ajibu.